Kipimo cha Nyumba Hamsini na Mbili

1

Kila nyumba niliyoingia wiki ile ilinukia sabuni, na hilo lilipaswa kunishtua mapema. Halikunishtua. Miaka kumi na miwili nimepima hewa ya Mtaa wa Mizambarauni, na miaka yote hiyo nimepokelewa kwenye sakafu zilizopigwa deki, mapazia yaliyofuliwa na glasi ya sharubati ya ukwaju juu ya trei. Nilidhani ni heshima tu. Nilikunywa sharubati, nikaweka kipima-hewa mezani, nikasubiri dakika ishirini, nikaandika namba nzuri na kuaga. Ningepaswa kujiuliza nyumba mia mbili na kumi na nne, zilizozibwa hadi tundu la sisimizi, zilipata wapi harufu ya upepo. Sikujiuliza, kwa sababu nilikuwa nakirimiwa.

Nyumba ya hamsini na mbili haikunukia sabuni.

Bi Mwanatumu alifungua mlango kiasi cha kupitisha kichwa. "Pita upesi. Mlango usikae wazi, kuna mzazi ndani."

Mzazi mwenyewe alikuwa Arafa, mtoto wa marehemu mdogo wangu, yaani mwanangu mimi, na alikuwa kwenye siku ya ishirini na mbili ya arobaini yake. Bi Mwanatumu ni mama mkwe wake. Hajanipenda tangu siku ya posa, nami sijawahi kujisumbua kumpendeza. Wote wawili tunampenda Arafa, kila mmoja kwa namna ya kumuudhi mwenzake.

Mle ndani palikuwa na baridi nzuri, nyuzi ishirini na sita kama sheria inavyotaka, ilhali nje joto lilikuwa nyuzi arobaini na tatu. Lakini hewa ilikuwa nzito, imelala. Chetezo kilikuwa kimetiwa udi asubuhi na moshi wake bado ulikuwa kwenye nywele za kila mtu. Maji ya kumkandia mzazi yalikuwa yanatoa mvuke kwenye beseni. Nyuma ya kitanda, kwenye lile koti jeupe tulilolipulizia ukutani miaka kumi na miwili iliyopita ili joto lisipenye, madoa meusi ya ukungu yalikuwa yamepanda hadi darini.

Arafa alinyanyua uso. "Shikamoo, Mamkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto anaendeleaje?"

"Kama hivyo unavyomsikia."

Nilimsikia. Raya alikuwa anapumua harakaharaka, na kila alipovuta pumzi nyama ya chini ya mbavu zake ilizama ndani. Zahanati walishampa dawa mara mbili, na mara mbili wakamrudisha kwenye chumba hichohicho. Chumba cha pili dada yake, Mwanasha, wa miaka kumi na miwili, alikuwa anakohoa kile kikohozi chake ambacho sote tumeshakizoea.

Niliweka kipima-hewa juu ya meza ya dawa. Dakika ishirini zilipotimia kikaonyesha kaboni dayoksaidi elfu nne na mia moja. Kikomo ni elfu moja. Mvuke wa gundi, ule unaotoka kwenye koti la nyumba, ulikuwa mara sita ya kikomo.

"Kifaa chako kibovu," alisema Bi Mwanatumu.

Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni mimi mwenyewe. Nilishayaandika mara moja, katika nyumba hiyohiyo, miaka kumi na miwili nyuma, Arafa akiwa kwenye arobaini ya Mwanasha. Ilikuwa mara ya kwanza mtaa kupimwa. Namba ilipotoka mbaya niliandika "kifaa kibovu", nikafuta, nikaenda nyumba ya hamsini na tatu.

Safari hii nilitoka nacho nje. Barazani kikasoma mia tano na sitini, sawasawa na mji mzima. Nikarudi nacho ndani. Elfu nne na mia moja na hamsini.

"Nyumba hamsini na moja zimetoa mia saba, mia nane," nilisema. "Humu mnafanya nini ambacho wenzenu hawafanyi?"

Bi Mwanatumu alicheka kwa pua. "Uliza wao wanafanya nini ambacho mimi sikufanya. Wewe si unatuma taarifa siku moja kabla? 'Kesho saa tatu mpimaji atapita.' Basi. Alfajiri watu wanafungua dirisha la dharura, wanafungua mlango wa mbele na wa uani, wanachomoa matambara kwenye pafu, wanapepea nyumba mpaka saa mbili na nusu. Ukipiga hodi wameshafunga. Mgeni anaingizwa kwenye uvundo? Sisi si watu wa hivyo. Mwaka huu mimi sikuweza. Siwezi kumfungulia mzazi upepo."

"Matambara gani kwenye pafu?"

Aliniangalia kama nimemuuliza chumvi inatiwa wapi, kisha akanionyesha kwa kidevu. Juu ya mlango wa chumba, pale penye matundu ya pafu la nyumba, kulikuwa na kipande cha kanga kuukuu kilichosokotwa na kushindiliwa ndani. Rangi yake ya asili ilikuwa haijulikani tena kwa vumbi.

Pafu ni kisanduku tulichokifunga kila nyumba tulipoivisha koti. Nyumba iliyozibwa haipumui yenyewe, kwa hiyo pafu hutoa hewa iliyotumika na kuingiza mpya, na zikipishana humo ndani ile inayotoka huipoza ile inayoingia. Likiwa jipya, ubaridi unaopotea ni kidogo mno. Likifika mwaka wa tano, vichujio vikishajaa vumbi na chumvi ya bahari, huanza kunguruma na kuingiza joto. Kila nyumba ina mgao wake wa ubaridi kutoka kwenye Mnara, mtambo unaopoza mji na kusoma vipimo vyetu, na mgao ukiisha saa tisa alasiri, mwenye nyumba ataokwa hadi magharibi. Kwa hiyo watu waliziba. Koti nalo halikutulia. Gundi yake hutoa mvuke mwingi mwaka wa kwanza, halafu hupoa, halafu unyevu wa pumzi za watu ukiilowesha miaka na miaka huanza kuoza na kutoa upya. Yote haya yamo kwenye kitabu nilichowafundishia wapimaji wapya, na kitabu chenyewe nimekiandika mimi.

Hata ile taarifa ya siku moja ilikuwa wazo langu. Mwaka wa kwanza watu walikasirika kuona wageni wanaingia hadi vyumbani, nami nikasimama kwenye kikao nikasema sisi watu wa pwani tuna hodi zetu, mtu apewe nafasi aweke nyumba yake sawa. Walinipigia makofi.

"Unatazama nini?" aliuliza Bi Mwanatumu. "Umemaliza, nenda. Na mlango ufunge vizuri."

2

Kesho yake nilirudi mtaani bila taarifa, saa nane mchana, wakati lami inanata viatuni na hakuna mtu mwenye akili anayetoka nje. Nilianza na nyumba ya kumi na tisa, kwa Mzee Shemndolwa, dereva mstaafu wa treni. Nilimchagua kwa sababu ni mtu mkweli. Nilisahau kwamba wakweli huwa wakali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ulipima juzi."

"Napima tena."

"Sikupata taarifa."

"Sikutuma."

Alijiweka mlangoni kwa upana wake wote. "Bi Saumu, mimi na marehemu mumeo tulikuwa tunasali safu moja. Sitaki kukuvunjia heshima. Rudi ulikotoka, tuma taarifa, uje kesho."

"Ili ufungue dirisha?"

Nyuma yake niliuona mlango wa chumba, na juu yake kitambaa cha bluu kimetokeza ncha kwenye matundu ya pafu.

"Kuna mtoto nyumba ya hamsini na mbili anashindwa kupumua," nilisema. "Nataka kujua ni nyumba yake peke yake au ni zote."

"Na ukishajua?"

"Nitaandika."

"Utaandika!" Sauti yake ilipanda, na mlango wa jirani ukafunguka kidogo. "Mwaka wa Kaskazi Kali nilizika watu wanne kwa siku tisa, kabla hamjatuvisha hilo koti lenu. Mke wangu alifia hapo uliposimama, nimemfunika shuka la maji, maji yakawa ya moto juu ya mwili wake. Mama yako naye ilikuwa wiki ileile, au umesahau? Sasa nyumba yangu inanuka, sawa, lakini niko hai. Wewe ukiandika namba mbaya, Mnara unakata ubaridi. Haumuulizi mtu. Unakata, halafu waje mafundi kuvua makoti, miezi mitatu. Na huu ni mwezi gani? Februari. Wazee wangapi watafika Mei? Wahesabu, wewe mtu wa namba."

Niliwahesabu palepale, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mtaa ule una watu sabini na mmoja waliopita umri wa miaka sabini. Mwaka wa Kaskazi Kali alikufa mmoja kati ya watano. Mzee Shemndolwa hakusema uongo hata neno moja, na nilimchukia kwa hilo.

"Naomba kuingia, mzee."

Mgeni akisema naomba, mtu wa malezi ya Mzee Shemndolwa hawezi kumwacha juani, na mimi nilijua hivyo nilipolitoa neno.

"Ingia. Pima," alisema. "Lakini ukiandika, usinisalimie tena mpaka mmoja wetu azikwe."

Elfu tatu na mia sita. Aliketi kwenye kiti chake dakika zote ishirini bila kunipa hata maji, na nilijua ilimuuma kutonipa.

Habari zilinitangulia. Nyumba ya ishirini walizima redio wakanyamaza hadi nikaondoka. Mwanamke wa nyumba ya ishirini na mbili alinimwagia maji ya deki miguuni, akasema samahani, hakuniona, huku ananitazama usoni. Nyumba ya thelathini walinifungulia wakidhani mimi ni muuza samaki, na walipogundua walikuwa wameshasema karibu. Walioniruhusu kuingia waliniruhusu kwa aibu, nami nikaitumia aibu yao bila huruma. Hadi jua linazama nilikuwa nimepima nyumba kumi na moja. Hakuna iliyokuwa chini ya elfu mbili na mia tisa, na katika zote gundi ilikuwa imeanza kuoza.

Nilipita tena hamsini na mbili. Sikuingia. Nilisimama barazani nikasikiliza vikohozi viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo sana, vikipokezana nyuma ya ukuta niliouziba mwenyewe.

3

Mhandisi Kaniki, mkuu wa Idara ya Makoti, ni kijana wa miaka thelathini na mitano mwenye adabu ya kukera. Alisimama kunipokea nilipoingia, akanivutia kiti, akaniagizia chai. Kisha akafunga mlango.

"Mama, namba zako za jana nimezizuia zisifike kwenye Mnara."

"Kwa kanuni ipi?"

"Zimechukuliwa bila taarifa. Kanuni yako mwenyewe, mama." Alitabasamu. "Kizuizi ni cha siku moja tu, mfumo hauniruhusu zaidi. Kesho saa sita mchana kinaondoka chenyewe na Mnara utazisoma. Kwa hiyo tuna muda wa kuongea kama watu wazima."

"Ongea."

"Hamsini na mbili wana chetezo ndani."

"Udi hautoi mvuke wa gundi. Na Mzee Shemndolwa hafukizi udi."

"Basi wazibue mapafu."

"Wakizibua wote, Mnara wako unaweza kuwapoza?"

Alijua kwamba hauwezi. Mnara ulijengwa kwa hesabu za mapafu mapya. Alizungusha kikombe chake juu ya kisahani.

"Andika kifaa kibovu," alisema. "Tutanunua kingine, tutapima Juni, joto likishashuka. Hakuna mzee atakayekufa."

"Na mtoto?"

"Mtoto mmoja, mama."

"Nyumba zile zina watoto wachanga tisa. Aliyeanza kushindwa kupumua ni huyo mmoja, wengine zamu yao inakuja. Na huyo mmoja ana jina."

"Wazee nao wana majina." Aligeuza kioo cha mashine yake kunielekea. "Tena usinitazame kama muuaji. Neno hilo hutaliandika kwa mara ya kwanza."

Ilikuwa kumbukumbu ya miaka kumi na miwili. *Nyumba 52. Kifaa kibovu. Kipimo kimefutwa. S. Shekue.* Alikuwa amechimba usiku kucha kulitafuta, nadhani, na alilileta kama kisu. Lakini kumbe mwenye kunitisha alinionyesha njia, na kwa jinsi nilivyokuwa namchukia dakika ile, nilifurahi kuona hakujua.

"Kifungu cha tisa," nilisema.

Kikombe kilisimama.

Kifungu cha tisa cha kanuni za Idara tulikiandika zamani ili watu wakubali kuvishwa makoti, na hakijawahi kutumika. Kinasema nyumba ikionekana mbovu baada ya mwaka wa kwanza, kosa ni la mwenye nyumba na ubaridi unakatwa. Lakini ikionekana mbovu *ndani* ya mwaka wa kwanza, kosa ni la aliyeiziba. Idara itavua koti na kuvisha jingine, chumba kwa chumba, italeta mitambo ya kubebeka na vyumba vya muda, na Mnara hautakata hata nyuzi moja. Nyumba zilizovishwa kwa mkupuo mmoja huhesabiwa kama nyumba moja. Mizambarauni yote ilivishwa kwa mkupuo mmoja.

"Kipimo kilichofutwa si kipimo," alisema Kaniki. Ile adabu ilikuwa imemtoka.

"Kikirudishwa?"

"Anayekirudisha ni aliyekifuta. Na ataapa kwamba kifaa kilikuwa kizima siku ile, na kwamba alijua. Si kwamba alidhani. Alijua. Akiapa hivyo amekiri kughushi kipimo cha umma. Miaka saba gerezani, mama, na wewe una hamsini na tisa." Aliinamia meza. "Tena fikiria. Idara itavuliwa nguo mbele ya nchi nzima. Miji kumi na minne imevaa makoti kwa kuamini namba zako. Watu wataogopa, watayachana wenyewe kwa mapanga katikati ya Kaskazi. Hao nao utawahesabu?"

Hao sijaweza kuwahesabu mpaka leo.

"Niambie tu ukweli," alisema, sasa kwa upole, na upole ule ulinichefua kuliko ukali. "Siku ile ulijua? Kama hukujua, huwezi kuapa, na mazungumzo yameisha. Hakuna atakayekulaumu kwa kutojua."

Aliniachia mlango wazi kabisa. Nilichotakiwa ni kusema sikujua, na ningerudi nyumbani kwangu nikiwa mwanamke mwema aliyefanya kosa la kifaa. Nilichukua mkoba wangu nikatoka. Chai sikuigusa.

4

Asubuhi, saa nne, nilikaa kwenye dawati langu nikarudisha kipimo cha nyumba ya hamsini na mbili. Niliapa kwa jina langu na kwa alama ya kidole. Mnara ulikisoma, ukajibu kwa maandishi: *Kifungu cha tisa. Ubaridi uendelee.* Kisha nikatembea kwenda Mizambarauni, kwa sababu sikutaka Arafa alisikie kwa mtu mwingine.

Barazani kwa Bi Mwanatumu walikuwa wameshajaa. Mzee Shemndolwa alikuwa mbele, na yule mwanamke wa maji ya deki pembeni yake. Hakuna aliyenipisha.

"Umekata?" mtu aliuliza.

"Sijakata."

"Basi umefuta," alisema yule mwanamke, na watu wakaanza kushusha pumzi.

"Sijafuta. Nimeandika. Ubaridi utabaki."

Hawakunielewa, na wasioelewa walikasirika zaidi. Mtu alisema nimeleta ujanja wa ofisini. Mwingine alisema nisiaminiwe. Mzee Shemndolwa yeye alisikia neno moja tu, nimeandika, na akatimiza ahadi yake. Nilipompa salamu alinigeuzia mgongo.

"Hodi," nilisema mlangoni.

"Pita upesi," ilijibu sauti ya Bi Mwanatumu.

Nilimkuta Arafa ameketi kitandani, Raya kifuani kwake, amemshika wima ili apate pumzi. Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ambayo sikuipenda. Nilieleza haraka. Gari la Idara linakuja saa nane. Yeye na watoto wataingia kwenye chumba cha muda chenye pafu jipya, na daktari atakuwepo. Nyumba hii itakuwa ya kwanza kuvuliwa koti. Mtaa mzima utafuatia, na hakuna atakayeungua.

Arafa alianza kulia kimyakimya. Bi Mwanatumu alinijia, na kwa mara ya kwanza tangu posa akanishika bega. "Alhamdulillahi. Bi Saumu, leo umefanya jambo la maana. Nilikuwa na maneno yangu juu yako, nisamehe."

Ningeweza kuishia hapo. Barua ya mashtaka ingechukua wiki mbili kufika. Ningepata wiki mbili za kushikwa bega, na nilizitaka, sitasema uongo.

"Kipimo kilichowaokoa si cha juzi," nilisema. "Ni cha miaka kumi na miwili iliyopita. Cha chumba hiki."

Arafa alipangusa macho. "Ile arobaini ya Mwanasha? Si ulisema kifaa kilikuwa kibovu?"

"Nilisema."

"Sasa kimekuwaje kizima?"

"Kilikuwa kizima siku ileile. Nilikitoa nje barazani, kama juzi. Nikakirudisha ndani, nikakitoa tena. Mara tatu. Kilikuwa kizima, na nilijua."

Mkono wa Bi Mwanatumu uliondoka begani kwangu.

"Ubaridi ulikuwa ufunguliwe kesho yake," nilisema. Nilijisikia nikiongea haraka, kama mtu anayefukuzwa. "Mama alikuwa na mwaka mmoja tu kaburini. Ningeiandika namba ile, mtaa mzima usingefunguliwa Kaskazi ile. Niliwahesabu wazee, Arafa. Nilihesabu watu kumi na wanne ambao wangekufa."

"Na Mwanasha ulimhesabu?"

"Nilijiambia gundi itatulia. Nilijiambia mtoto atakua tu."

Chumba cha pili Mwanasha alianza kukohoa. Tulisubiri, sote watatu, kama tulivyozoea kusubiri kwa miaka kumi na miwili, mpaka kikohozi kimalize. Kilichukua muda.

"Alikuwa na siku ngapi?" aliuliza Arafa.

"Kumi na nane."

"Ulimpakata. Nakumbuka. Ulimaliza kupima, ukanawa mikono, ukampakata, ukasema kifua chake kina nguvu."

"Nilisema hivyo."

"Kila mwaka umekuja humu. Umekunywa sharubati yangu. Unamkuta na dawa yake ya kuvuta mdomoni, unamnunulia vitabu."

Wale wazee kumi na wanne huenda waliishi kwa sababu yangu, na huenda wangeishi vilevile. Sijui, na mtoto aliyekuwa akikohoa ng'ambo ya ukuta hakuwahi kuulizwa.

Arafa alimkabidhi Raya kwa mama mkwe wake. Alisimama kwa kujikongoja, akajifunga kanga vizuri, akavuta kigoda hadi chini ya pafu. Mzazi wa siku ishirini na tano hapandi vigoda, na Bi Mwanatumu alifungua mdomo kumkataza, kisha akaufunga. Arafa aling'ang'ana na lile tambara mpaka likang'oka. Vumbi la miaka lilimwagika usoni mwake. Akashuka, akalitupa miguuni pangu.

"Toka, Mamkubwa."

Nilitoka. Nilipovuka kizingiti mkono wangu ulirudi nyuma kuuvuta mlango, kwa mazoea ya miaka kumi na miwili, na joto la nje lilikuwa limeshaanza kunipita kuingia ndani.

"Usiufunge," alisema Arafa. "Uache wazi."